Maji ya Maua

Asubuhi hiyo Morita alizama matopeni hadi kiunoni, na sisi wanawake wa mfereji wa tatu tukamcheka mpaka tukaketi chini. Alikuwa amekanyaga mahali nilipomwambia asikanyage. Tulimvuta kwa mpini wa jembe, akatoka na kiatu kimoja, akainamisha kichwa mbele yangu mara mbili, kama kawaida yake, akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwetu: "Mama Riziki, ulisema kweli. Miye njo mujinga." Hakuna mwanamume wa uwanda wa Ruzizi aliyewahi kuniambia maneno hayo, mume wangu akiwemo. Nilitembea na furaha hiyo siku nzima.

Leo ninaishi Garland, Texas, ghorofa ya pili, na ni mwaka wa tisa nafunga mizigo kwenye ghala moja huko Mesquite. Morita yuko magharibi ya Houston, mwendo wa zaidi ya saa nne kwa gari kutoka kwangu, na watu wanaonunua mchele wake hawajui kwamba aliwahi kuchekwa na mtu. Mimi nikimfikiria, tope lile ndilo linalonijia kwanza.

Alikuwa kijana wa Kijapani, mtaalamu wa mpunga, aliyeletwa Kongo na mradi mmoja wa kilimo. Sisi tulimwita Agronomi. Kwao alikuwa mtoto wa tatu wa mkulima, na shamba la baba lilikuwa dogo, likamwendea kaka mkubwa. "Mimi nilipewa kalamu," alituambia, "lakini nilitaka jembe." Alitufanya tuushindilie udongo wa mfinyanzi ndani ya mfereji kwa miguu yetu, wiki tatu, tukiimba na kumlaani, ili maji yasipotelee njiani. Alitugawia wanawake vipande vya shamba kwa majina yetu wenyewe, jambo lililoleta kelele katika nyumba nyingi. Na mume wangu, Byamungu, alimfanya mlinzi wa maji. Byamungu ndiye aliyeshika mpini wa chuma wa kuzungushia mlango wa mfereji. Bila mpini huo hakuna tone lililoshuka.

Jambo ambalo Morita alilishikilia kuliko yote ni maji ya maua. Mpunga ukishakua, alisema, unaweza kuiacha ardhi ikauke kidogo, hautanuna. Lakini siku masuke yanapochomoza na kuchanua, lazima uwe umesimama majini. Ukikosa maji siku hizo, punje zote zinabaki mapepe, na mwaka wako umekwisha. Ua la mpunga hufunguka asubuhi, jua likishapanda, kwa muda mfupi tu, kisha hujifunga. Alitulazimisha tukae kando ya shamba tutazame. Nilikuwa nimelima tangu utoto wangu na sikuwahi kuliona. Nililipenda jambo lile kuliko wenzangu wote, nalisema wazi.

Vita vilianza kama habari za redioni, kisha vikawa wageni wenye magodoro kichwani, kisha milio kutoka milimani. Siku ya tatu ya milio, gari la mradi lilikuja kumchukua Morita. Ilikuwa saa sita mchana. Dereva hakuzima injini. Morita alitoka na begi moja, akakimbia kwenye tuta kumtafuta Byamungu, akamshika mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, Riziki mgongoni. Alikuwa na miezi saba.

"Nitarudi," Morita alisema. "Byamungu, usisahau maji ya maua."

"Siwezi kusahau, Agronomi."

Gari likaondoka. Watu wengi wa kwetu walisikia maneno hayo.

Siku mbili baadaye watu wenye silaha waliliteka daraja la chini, pale barabara kuu inapovuka mto. Walikuwa wa upande gani? Kanisani kwetu Garland watu hubishana jambo hilo mpaka leo, na mimi huwaacha wabishane. Walichinja ng'ombe wa watu. Walichukua vijana wawili wa mfereji wa kwanza na hatukuwaona tena. Waliojaribu kuvuka mto kwenda Burundi mchana walipigwa risasi majini.

Tulijificha watu kumi na wanne kwenye matete, juu kabisa, karibu na mlango wa maji. Jambo la kwanza alilofanya Byamungu ni kuufunga mlango ule. Mfereji wetu ulishuka shambani, ukapita katikati ya mpunga, ukaishia pale pale chini ya daraja, kilalo kama tulivyoliita. Wale watu waliuona kutwa nzima.

"Mufereji ikikauka, batasema batu bote balikimbia," alituambia. "Maji ikishuka mpaka ku kilalo, batajua kuko mutu huku juu. Hakuna mutu kugusa ile mulango. Hata miye."

Akauficha mpini wa chuma kwenye matete, chini ya majani makavu. Aliuweka mbele ya macho yetu sote, kwa sababu alituamini.

Tulikaa siku kumi na moja. Tulikula mihogo mibichi na mabua ya miwa. Hatukuwasha moto. Mtoto akilia, mama yake alimtia titi kinywani hata kama halina kitu, na langu lilianza kukosa kitu. Byamungu alikuwa akitafuta njia ya kutuvusha mto mahali ambapo hawatuoni. Alishuka kila alfajiri kuchunguza, akarudi, akasema bado.

Na kila asubuhi mimi nilitambaa mpaka ukingo wa matete kutazama mpunga.

Niliuona ukibadilika. Ardhi ilipasuka nyufa za kuingia mkono. Majani yakaanza kujikunja. Kisha, siku ya kumi na moja, masuke yakachomoza. Kipande changu kilikuwa cha mbele, ningeweza kurusha jiwe likatua ndani yake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuwa na mpunga ulioandikwa jina langu. Jua lilikuwa linapanda. Nilijua baada ya saa moja maua yangefunguka juu ya nyufa zile, yafunge, na basi.

Nataka kusema niliwaza nini, kwa sababu nimekuwa na muda mrefu wa kulikumbuka. Niliwaza kwamba ardhi kavu namna ile ingeyameza maji yote. Ningefungua kidogo tu, mizunguko mitatu, mpaka maua yafunge. Maji yangefika kwenye kipande changu na cha jirani, yakaishia kwenye nyufa. Hayangefika darajani. Niliwaza hivyo kama mtu ambaye hakuwahi kuushindilia udongo wa mfereji ule kwa miguu yake mwenyewe wiki tatu.

Byamungu alikuwa bado hajarudi. Wengine walilala. Niliufukua mpini.

Nilizungusha mara tatu. Maji yalitoka kwa sauti ndogo, na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Hayakuingia kwenye nyufa. Yalishuka na mfereji moja kwa moja, kasi, mfereji mzuri usiovuja, na yale machache yaliyoingia shambani hayakupunguza kitu. Niliyatazama yakipita kipande changu, yakipita cha jirani, yakipinda kule chini.

Nikauzungusha mpini kinyume. Mlango ukashuka nusu, ukakwama. Kulikuwa na gogo chini yake.

Nilivuta. Riziki alianza kulia mgongoni.

Byamungu alitokea kwenye matete, amelowa hadi magoti. Alitazama mlango, akatazama mpini mikononi mwangu. Uso wake ulifanya kitu ambacho sijawahi kuweza kukisimulia, kisha ukatulia.

"Ingia mu matete. Mutie mutoto titi. Usitoke."

"Gogo—"

"Ninaiona. Enda."

Aliruka majini. Niliingia kwenye matete, hatua kama arobaini, nikalala kifudifudi, mtoto chini yangu, titi kinywani mwake. Wenzetu walikuwa wameamka. Hakuna aliyesogea.

Niliisikia sauti yake akipumua kwa nguvu ndani ya maji. Nikasikia gogo likitoka. Angeweza kukimbia wakati huo. Badala yake nilisikia chuma kinazunguka.

Kisha sauti za watu kwenye tuta.

"Bengine beko wapi?"

"Niko peke yangu."

"Nani alifungula maji?"

"Miye. Miye njo mulinzi wa maji. Nilitaka mupunga ikunywe."

Wakacheka. Mmoja wao alisema kitu kuhusu mpunga, wakacheka tena. Chuma kilizunguka mara nyingine mbili, taratibu, kwa maana aliendelea kufunga huku akizungumza nao.

Risasi zilikuwa mbili.

Hawakuingia kwenye matete. Mtu aliyekubali kosa upesi namna ile, peke yake, mwenye mpini mkononi, alikuwa jibu tosha. Walichukua saa yake na viatu vyake, wakarudi darajani. Alasiri tulitoka. Mlango ulikuwa umefungwa kabisa. Tulimzika pale pale kwenye tuta, kwa kuchimba na mpini ule ule. Kesho yake alfajiri tulivuka mto mahali alipokuwa amepaona, sote kumi na watatu, na hakuna aliyepigwa.

Ng'ambo watu walianza kusimulia. Byamungu amekufa kwa kutii neno la Mjapani. Agronomi alimwachia amri, akaondoka na gari lake, na mwenzake akafia mlangoni kwa ajili ya mpunga. Wote walikuwa wamemsikia kwa masikio yao akisema ni yeye aliyefungua. Mimi sikuongeza neno wala sikupunguza. Niliingia kambini nikiwa mjane wa mtu mwaminifu, na watu wakanipa nafasi ya mbele kwenye foleni ya maji. Riziki alikua akiisikia habari hiyo, na kila alipoisikia alimchukia Mjapani yule kidogo zaidi. Miaka ikapita mingi. Tulipofika Texas alikuwa msichana mrefu mwenye uso wa baba yake.

Nilimpata Morita kwa njia ya lengalenga, mchicha wa kwetu. Kulikuwa na lori lililokuja kanisani kila mwezi na mchele na mboga za kwetu, na dereva akasema mwenye shamba ni Mjapani anayezungumza Kiswahili kama mtu wa Uvira. Nilimwuliza ningempata wapi. Jumamosi iliyofuata alikuwa anashusha mchele Carrollton, nyuma ya duka moja la Wakorea, na nikaenda kumngoja huko karibu na mapipa ya takataka.

Alikuwa na mvi, mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Alinitazama sana.

"Mama Riziki?"

"Njo miye."

Hakunisalimia. Aliuliza: "Byamungu?"

"Alikufa, Agronomi. Zamani."

"Ilikuwa maji?"

Nilikuwa na kila nafasi ya kusema. Hakuna aliyeninyooshea bunduki.

"Ndiyo," nilisema. "Ilikuwa maji."

Alipiga magoti kwenye lami, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa chini. Watu waliokuwa wanashusha magunia walisimama kumtazama. Nilimwambia ainuke. Sikumwambia zaidi ya hapo.

Tangu siku ile alinipigia simu kila Jumamosi. Alisema pole, mimi nikaitika, ndipo tukaanza mazungumzo mengine. Hivyo ndivyo nilivyoijua safari yake, kwa vipande. Baada ya vita alirudi kwao, akakaa ofisini, akaona kuta zinambana. Akasikia mkulima mmoja wa mpunga karibu na Houston anatafuta mtu anayejua maji. Akaja kama kibarua. Alilala kwenye nyumba ya magurudumu kando ya mashine. Huku Texas mpunga hupandwa kwa ndege, mbegu zinamwagwa kutoka angani, na majirani walimwona mtu mdogo anatembea peku kwenye matuta na kijiti cha kupimia kina cha maji. Walimpigia honi.

Alikodi kona ambayo hakuna aliyeitaka, bonde linalotuamisha maji. Mwaka wa kwanza kimbunga kilipanda kutoka baharini wiki moja kabla ya mavuno, na mvua ikaulaza mpunga wote. Aliniambia alisimama mlangoni mwa ile nyumba akatazama, akafikiria kurudi kwao, akakumbuka hakuna shamba la kurudia. Akapanda tena. Mwaka wa pili alivuna kidogo mno hata mashine za kukoboa za wenzake zikakataa mzigo wake, akakoboa mwenyewe. Alipanda mpunga wa kwao, wa punje fupi, akaupika, akatembea na sufuria Houston nzima, mgahawa hadi mgahawa wa Kijapani, akiwaambia wapishi waonje. Wa saba alionja. Wa saba alipomaliza kijiko alimwita mwenye mgahawa.

Sasa ana kinu chake mwenyewe, maghala ya chuma marefu kuliko kanisa letu, malori yanayofika Dallas na San Antonio. Siku moja alisikia wanawake wakizungumza Kiswahili dukani Houston, akawafuata mpaka wakaogopa, akawauliza wanakosa mboga gani. Mwaka uliofuata alipanda lengalenga na muhogo wa sombe, ule unaopikwa majani. Mpunga unapochanua, hufunga ofisi asubuhi na kusimama shambani. Wafanyakazi wake wanadhani ni dini.

Nilimfurahia kweli. Na kila Jumamosi aliposema pole nilihisi kama mtu anayekula sahani ya mwenzake mbele yake.

Mwaka wa sita wa pole hizo alinipigia akiwa na sauti tofauti. Alikuwa ametenga shamba, karibu na barabara, la maji mazuri. Ameliita Shamba la Byamungu na kuchora kibao. Alitaka mimi nilisimamie, niache mizigo ya Mesquite. Lakini kwanza alitaka kumwomba Riziki msamaha, uso kwa uso, kwa amri aliyomwachia baba yake.

Nilimwambia binti yangu nikidhani atakataa. Hakuwahi kuonja mchele wa Morita hata siku moja, alinunua wake wa dukani na kuupika kwenye sufuria ya peke yake. Yeye ni muuguzi, ana akili nyingi na shingo ngumu, sijui alizitoa wapi.

"Ata-apologize mbele yangu?" aliuliza.

"Njo anasema vile."

"Fine. Mi nita-drive. But mama, asini-hug."

Njia nzima nilisali gari liharibike. Lilikuwa gari jipya.

Morita alitungoja kwenye tuta, amevaa shati jeupe, tai shingoni, na suruali amekunja hadi magotini. Wafanyakazi wake walisimama mbali. Kibao kilikuwa pale, jina la mume wangu kwa herufi kubwa. Ilipita miaka mingi bila kuliona limeandikwa.

Alimsogelea Riziki, akasimama hatua tatu, akapiga magoti kwenye tope.

"Baba yako alikuwa rafiki yangu," alisema. "Mimi nilipanda gari. Yeye nilimwachia maji. Alikufa kwa neno langu. Sina haki ya kuomba, lakini ninaomba."

Aliinama mpaka tai ikaingia majini. Nilimtazama binti yangu. Nilijua uso ule. Ulikuwa mgumu, mgumu, kisha midomo ikaanza kulegea, na akanyoosha mkono.

"Okay," alisema. "Okay, mzee. Simama. Please."

Nilielewa kwamba akishika mkono ule, basi. Atakuwa amemsamehe mtu kwa kosa langu, na mimi nitalima shamba hili kila siku ya maisha yangu chini ya kibao kile, nao wote wawili watanipenda.

"Usimwinue," nilisema. "Si yeye."

Riziki aligeuka.

"Byamungu alikataza maji kufunguliwa. Alituambia sote. Alifunga mlango akaficha mpini. Miye njo nilifungula. Yeye alikuta nimekwisha kufungua, akanifukuza, akafunga, akawaambia ni yeye."

Nilirudia, kwa sababu nilidhani hawakusikia.

Morita aliinuka mwenyewe. Alijipangusa magoti polepole, upande mmoja, kisha wa pili.

"Miaka sita," alisema. "Kila Jumamosi nimesema pole. Na wewe unaitika."

"Ndiyo."

"Kabla ya hapo, miaka yote, kila mpunga unapochanua, namwona mlangoni. Ninasimama pale shambani kwa sababu hiyo."

"Najua, Agronomi."

"Hapana," alisema. "Hujui."

Alitembea hadi kwenye kibao, akaweka mkono juu yake, akatugeuzia mgongo. Sikumwona akilia na sikutaka kuona. Baadaye alimwambia mfanyakazi mmoja atufungie chakula cha njiani, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu hata siku hiyo. Riziki alikipokea.

Tulirudi. Riziki aliendesha mpaka tukapita Huntsville. Mikono yake ilishika usukani kana kwamba ungechukuliwa.

"Where was I?" aliuliza. "Ulipofungua. Mi nilikuwa wapi?"

"Mugongo yangu."

Alilipita lori lililokuwa mbele yetu.

"Ulikuwa huna maziwa. Bibi wa Carrollton, yule mlikuwa naye kambini, aliniambia once. Mlikuwa na njaa, na mi nilikuwa na-starve." Sauti yake ilikuwa laini, laini kuliko nilivyostahili. "Mama, ulifanya juu yangu? Ili tupate chakula?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningepita tu. Angelia, mimi ningelia, angesimamisha gari kando ya barabara tukumbatiane, na kuanzia siku hiyo mzigo ungekuwa wake kidogo.

"Hapana," nilisema. "Mupunga hauwezi kuliwa ukiwa maua. Ilibaki mwezi mzima na zaidi. Hukuwa ndani ya mawazo yangu. Nilifungua juu mupunga ilikuwa yangu na sikutaka ikufe."

Alitikisa kichwa mara moja, kama muuguzi anayeandika jambo. Tulifika Garland jua bado liko juu. Alinishusha, akanipa mfuko wa chakula, akaniambia nifunge mlango vizuri.

Shamba sikupewa, wala sikuliuliza. Simu za Jumamosi zilikoma. Bado nafunga mizigo Mesquite, na mgongo unaniuma upande wa kushoto. Wapo watakaosema nilitua mzigo, na ni kweli kwamba nalala. Lakini nilipoteza mtu aliyenijua kabla ya vita, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Byamungu nilimpoteza mara ya pili, kwa sababu zamani nilikuwa mjane wake na sasa ni mtu aliyesababisha afe. Sioni haja ya kulipaka asali.

Riziki ananijia bado, ananiletea dawa, ananipima presha. Mara mbili kwa mwezi anakwenda Houston bila mimi. Anakaa na Morita kwenye tuta na kumwuliza habari za baba yake, naye anamwambia yote anayokumbuka. Akirudi hunigawia kidogo.

Wiki iliyopita alikuwa jikoni kwangu, amekula wali wake, akaniambia kwamba baba yake alikuwa na mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, ndiyo sababu buti za mradi zilimchubua, na Morita akamwagizia nyingine kutoka kwao.

Mimi niliiosha miguu ile miaka minne. Niliiosha na siku tuliyomzika, na tofauti yake niliijua.

"Kweli?" nilimwuliza.

"Yeah," alisema, akavuta kiti. "Wa kushoto. Wait, nikuambie vizuri."

Nikakaa chini anisimulie.